Lakiri Namba Arobaini na Saba

12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, ingawa najua hukai. Shemeji anaendeleaje na ule mkono? Umeanza kushika kijiko au bado unamlisha? Mwambie mwenzake wa karata siku hizi anacheza peke yake na bado anafungwa.

Mimi mzima. Miezi mitatu imepita tangu tumzike mama Chiriku, na wiki iliyopita nimerudi kazini. Nabeba sanduku langu la mawe ya shaba, napita duka kwa duka. Naweka jiwe la kilo moja, la mbili, la tano, natazama mshale. Mizani ikisema kweli, napitisha waya kwenye tundu lake, nauvalisha kipande cha risasi, ndiyo lakiri yetu, nakibana kwa koleo langu, namba yangu inabaki pale: 47. Wauza nyama wananiita Mizani nikiwa mbele yao. Nikiwapa mgongo sijui wananiitaje.

Nyumbani kupo. Kandambili zake bado ziko mlangoni, nafagia nazizunguka. Jioni ndiyo ngumu, dada. Wenzangu kazini wamenishauri nipate kidogo, mwili ulegee. Kwa hiyo nakunywa glasi moja. Ile ndogo ya chai, unaijua. Glasi moja tu, nikishakula, basi nalala. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu ukadhani ni makubwa. Ni glasi moja.

Mwambie binti yangu shule zikifungwa Julai namfuata. Chumba chake nimeanza kukipaka ile rangi ya njano aliyoitaka. Ukuta mmoja umeisha.

Mdogo wako,
Mizani

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kukaa nitakaa kaburini. Shemeji yako kiharusi kimemwachia mkono mmoja na ulimi mzito, lakini macho ni mazima na yanalalamika kutwa. Namgeuza kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unachubuka. Katikati ya kumgeuza na kumgeuza nina sare arobaini za wauguzi za kushona. Hapa ninapoandika nasoma kwa sauti ili naye asikie, maana anapenda habari zako kuliko zangu.

Chiriku hajambo. Mwalimu kalalamika kwamba anaongea mno darasani, nikamwambia, mwalimu, hilo jina hakupewa bure. Ana miaka tisa na maswali ya mtu wa miaka tisini. Jana kaniuliza kama mama yake kule aliko anazeeka au amebaki vilevile. Nikamtuma maji.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha. Umetaja glasi moja mara tatu. Nimehesabu. Mtu mwenye glasi moja kweli huitaja mara moja, au haitaji kabisa. Usinione mshona nguo ukadhani sijui kusoma. Baba naye alianza kiwanda kilipofungwa, na yeye alianza kwa kutafuta usingizi. Wewe ulikuwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa namvua viatu. Hakuwa mlevi wa matusi. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, fundi mzuri, mcheshi, kama wewe. Likampata la kumpata, akashika chupa. Lile lililompata likapita, chupa ikabaki.

Nasema mapema tusije tukalaumiana: mtoto huyu hakai kwenye nyumba yenye chupa. Awe wako, awe wa nani, hakai. Julai ni mbali, jirekebishe. Na usinipigie simu kwa hili. Kwenye simu unacheka, nami nikisikia kicheko chako nasahau nilichotaka kusema. Andika.

Dada yako

20 Februari

Dada, mkaguzi wa wakaguzi,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ningeweza kukasirika. Kusema kweli nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona una haki.

Haya, sikiliza nilichofanya. Chupa nimeiweka kwenye kabati la vyombo, nikapitisha waya kwenye vishikio vyote viwili, nikaubana kwa lakiri kama ninavyofunga pampu ya mafuta. Lakiri ikishabanwa haifunguki. Ukitaka kufungua ni lazima ukate, na ukikata kila mtu anaona. Wenye vituo vya mafuta wanaiogopa kuliko polisi. Basi na mimi nimejifunga hivyo, tarehe 18 Februari, na hiyo hiyo itakuwepo siku Chiriku atakapoingia mlangoni. Umeridhika?

Namtumia mtoto lakiri moja ya kuchezea. Mwonyeshe: upande mmoja kuna 47, ndiye mimi. Upande wa pili kuna 1, maana yake robo ya kwanza ya mwaka. Aprili ikiingia tunabadilisha kichwa cha koleo, inakuwa 2, na kuendelea. Hivyo mtu akitaka kudanganya kwamba mizani yake ilikaguliwa zamani, au juzi, lakiri yenyewe inamsuta.

Mpe pole shemeji. Na wewe pumzika, basi, hata kidogo.

Mizani

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tuko, hatujaanguka. Shemeji yako alipata homa akakaa nayo siku tano. Shuka nafua asubuhi na jioni, mikono imekuwa kama magamba. Nimemaliza sare ishirini. Najikaza. Usiniulize nimejikazaje, mwanamke hujikaza, ndiyo kazi yake.

Chiriku ile lakiri kaitia uzi, kaivaa shingoni. Analala nayo. Anawaonyesha wenzake kwamba baba yake ndiye anayewazuia wenye maduka wasiibe. Siku hizi ananisaidia kazi za nyumbani, ila cherehani nimemkataza kugusa, hasa ile droo. Sindano zitamchoma.

Nina swali moja, na mwanao ana moja. Langu: kwa nini umeifungia chupa badala ya kuimwaga? Mtu hafungii kabatini kitu alichoachana nacho. La Chiriku, na alilisema huku akila, hata kichwa hakuinua: "Shangazi, lakini koleo si anakaa nalo baba?"

Nijibu yote mawili.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki saba tangu nikuandikie, sijapata hata mstari. Simu yako inaita mpaka inachoka. Mke wa mwenzako wa kazini alipita hapa kuchukua sare, akasema mwezi uliopita hukuonekana kazini siku tatu, na siku ya nne ulikuja umevaa shati ndani nje. Akacheka. Mimi sikucheka.

Shemeji yako yuleyule. Mimi mgongo.

Sikuulizi mengi. Ikate ile lakiri ya kabatini, ile ya tarehe 18 Februari, unitumie. Kisha funga nyingine. Nataka niione kwa macho yangu.

Dada yako

19 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na nisamehe sana. Kazi imenielemea. Tulikuwa na ukaguzi wa masoko yote, kisha pampu, kisha mizani za zahanati na hospitali. Hospitali zenyewe siku hizi sizipendi, harufu yake hainitoki. Zile siku tatu nilikuwa na mafua, na hadithi ya shati ni chumvi za watu. Unawajua watu.

Swali lako la kumwaga: niliona kumwaga ni rahisi mno, mtu anamwaga leo anakwenda kununua kesho. Nataka niwe naiona na nisiiguse. Huo ndio uanaume. La mtoto nimecheka. Mwambie baba yake hakagui mizani yake mwenyewe.

Lakiri hii hapa ndani, nimeikata leo mbele ya kabati, ile ile. Haijaguswa tangu Februari.

Chumba kimeisha, kuta zote nne, njano kama yai. Nimemnunulia na pazia. Mwambie aanze kufunga mizigo yake.

Ndugu yako wa kutumainiwa,
Mizani

8 Juni

Wewe,

Salamu sina. Shemeji yako hajambo, ndiyo salamu zako hizo.

Bahasha yako aliifungua Chiriku, maana iliandikwa kwa mkono wa baba yake, ningemzuiaje? Akaishika ile lakiri kwa furaha, akaiweka sambamba na ile ya shingoni. 47 na 47. Akageuza zote. Yake ina 1. Yako ina 2.

Ulimfundisha mwenyewe! Aprili ikiingia inakuwa mbili, ukamwandikia, lakiri yenyewe inamsuta mwongo. Basi imekusuta. Tangu Februari umekata mara ngapi na kufunga mara ngapi, hata ukasahau umefunga lini? Kila jioni? Unakata, unakunywa, unafunga, halafu asubuhi unaitazama unajipongeza? Huna haya hata kidogo? Mtu mzima unajidanganya kwa koleo!

Yule mtoto asiyenyamaza akanyamaza. Akavua uzi shingoni, akauweka juu ya meza, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Mwalimu ananiuliza kama anaumwa.

Haji. Julai haji, na Desemba haji. Rangi yako ya njano lala nayo mwenyewe. Baba aliniibia utoto wangu kwa viatu vyake, na wewe hutaniibia huyu.

Nilikupenda kuliko watoto wote niliowahi kubeba mgongoni, ndiyo maana naumia hivi.

Dada yako

1 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini shemeji anaendelea. Hapa si kuzuri. Naandika asubuhi, ndiyo saa pekee ambayo kalamu inanitii kwa nusu saa.

Yote uliyoandika ni kweli, na si yote. Ukuta ni mmoja tu, dada. Ile njano iliisha Januari. Pazia hakuna. Kandambili bado ziko mlangoni.

Glasi ilikuwa moja kweli, mwezi wa kwanza. Halafu nikahama kutoka glasi ya chai kwenda kikombe, nikawa bado nahesabu moja. Mtu wa vipimo mzima. Waya nilianza kuukata wiki ileile niliyoufunga. Si kwamba nilikuwa nataka sana kunywa. Nilikuwa nataka kutousikia ule ukimya wa jikoni, na kikombe ndicho kilichoufunika.

Sasa la pili, ambalo hujui, wala ofisini hawajui.

Tarehe 9 Aprili nilikagua mizani ya wodi ya watoto. Sheria ni kuweka mawe yote, kilo moja mpaka ishirini, moja baada ya jingine. Mikono ilikuwa inatetemeka tangu asubuhi. Muuguzi alikuwa amesimama ananitazama, niliona aibu jiwe lisije likaniponyoka mbele yake. Nikaweka la kilo tano tu. Mshale ukasema tano. Nikafunga waya, nikabana 47, nikaondoka haraka kwenda unakokujua.

Tano ilikuwa sawa. Kuanzia kumi kwenda juu ilikuwa inazidisha. Wakaletewa mtoto wa kike wa miaka mitatu, ana homa kali ya damu. Kilo zake ni kumi na nne. Mizani ikasema kumi na nane. Dawa hupimwa kwa uzito, na ile ikizidi huua masikio. Wakamchoma dozi ya mtoto wa kilo kumi na nane siku kumi. Homa ilishuka. Masikio yamekufa. Mama yake anampigia makofi nyuma ya kichwa, hageuki.

Najua haya kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa kuipima tena. Nikaweka mawe yote, moja moja, safari hii bila kuruka. Wakaniuliza inawezekanaje, lakiri yako si ya robo hiihii? Nikasema labda iliangushwa. Wakamwita mama anayedeki wodi, wakamwambia ndiye aliyeiangusha, akalia, akaapa, wakamsimamisha kazi. Nami nilikuwa nimesimama pale na sanduku langu. Siku ya tatu yake nikakuandikia ile barua ya kuta nne.

Jumatatu nakwenda kwa mkubwa wangu kusema. Kazi itakwisha, na huenda si kazi tu. Nasema hapa kwanza ili nisiweze kugeuka. Wewe ukishajua, sina pa kukimbilia.

Koleo nakutumia kwa posta pamoja na barua hii. Ni mali ya ofisi, wakiliuliza nitawaambia liko kwa dada yangu, watume mtu mwenye moyo aje kukunyang'anya. Sitaki lilale nyumba moja na mimi. Swali la Chiriku lilikuwa sahihi, mwambie hivyo.

Usimlete. Nakuomba mimi baba yake. Huko kwako angalau kuna nyumba.

Na wewe ujitazame, dada. Barua yako ya mwisho mistari ilipanda na kushuka kama ya kwangu. Nilisema ni uchovu.

Mdogo wako

22 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako juzi ameinua kijiko mwenyewe, kikafika kidevuni. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Nimesikia kwa yule mke wa mwenzako kwamba ulikwenda kusema, na mama wa kudeki amerudishwa. Wewe wamekusimamisha, unasubiri kuitwa. Hilo la masikio ya yule mtoto sina la kukwambia. Nimelia. Nalia hata sasa. Sitakuambia yatapita, mimi na wewe tunajua yapi hupita na yapi hubaki.

Koleo lilifika Jumatano, limefungwa kwenye gazeti na vile vipande vya risasi na kibunda cha waya. Mimi nilikuwa namgeuza shemeji yako, akapokea Chiriku. Nilipotoka nikaona gazeti tu mezani. Nikamuuliza koleo liko wapi, akasema amelihifadhi. Nikaona ni la baba yake, nikamwacha.

Alasiri shemeji yako akasinzia. Nikaenda kwenye cherehani. Droo ilikuwa imefungwa. Waya umepita kwenye kishikio ukazunguka mguu wa meza, mara mbili, na katikati lakiri, imebanwa kwa nguvu za mikono miwili ya mtoto, imekaa upande. 47. Nikaigeuza. 2. Kichwa cha Julai hukubadilisha.

Wewe umesema lako, nami niseme langu. Mle ndani mna bobini, nyuzi, chaki, sindano. Na chupa. Imo tangu wiki ile shemeji yako aliporudishwa kutoka hospitali hajui jina langu. Ilianza kijiko ndani ya chai, kwa ajili ya mgongo. Nilijiambia mtu anayekunywa huku anafanya kazi si mnywaji. Baba alikuwa hafanyi kazi, mimi nafanya, basi mimi si baba. Ile barua ya Juni, niliyokutukania, niliiandika droo ikiwa wazi. Kila neno nililokuambia nilikuwa nalielekeza kwako ili lisinigeukie mimi.

Nilimwita mtoto. Nilidhani atakimbia. Akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Nikamuuliza, "Umefunga kwa nini, mama?"

Akasema, "Shangazi, si wewe ndiye uliyesema sikai kwenye nyumba yenye chupa? Ulisema kwa sauti, ukiandika. Kwa baba kuna chupa. Mimi sina pengine."

Sare zinatakiwa Jumatatu. Nyuzi nyeupe zote zimo mle mle. Mkasi wangu uko hapa juu ya meza, mkubwa, unakata hata turubai. Leo ni siku ya nne sijakata, na usidhani ni kwa ushujaa, mikono inaniruka hata sindano siioni tundu. Koleo kalificha, hataki kusema wapi. Namshukuru na namchukia saa hiyohiyo.

Njoo. Najua unasubiri kuitwa, waachie anwani yangu waje wakuitie hapa. Njoo na mikono yako hivyo hivyo inavyotetemeka, ukate huo waya mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale na mtoto akiona, uitoe hiyo chupa uimwage kwenye karo. Mimi siwezi. Nimejaribu kuwaza yupo nani mwingine wa kumwomba, nikakuta ni wewe tu.

Chiriku anakaa mbele ya droo tangu Jumatano. Daftari zake kazihamishia pale chini. Bado hajaanza kuongea kama zamani.

Dada yako